SOMO: Mapigo ya Mkono Wazi Katika Karate



Wazazi wanapoomba ukumbi wa usharika kwa ajili ya mazoezi ya karate ya vijana, ni vema wajumbe wa kamati wajue watoto watafundishwa nini. Katika somo hili tutaangalia sehemu moja tu: kupiga kwa mkono uliofunguliwa.

Asili yake
Karate ilikulia katika visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi aliionyesha mjini Tokyo, na baadaye ikaenea nchini humo. Jina lake leo lina maana ya "mkono mtupu", yaani mkono usio na silaha.

Mapigo matatu
1. Teisho. Kunja kiganja kielekee nyuma, kunja vidole kidogo, kisha sukuma mbele na kupiga kwa kitako cha kiganja. Pigo hili linamfaa anayeanza. Ngumi isiyofungwa vizuri ikigonga mfupa mgumu, kama wa kichwa, huweza kuvunja mifupa midogo ya mkono wa mpigaji mwenyewe.

2. Shuto. Bana vidole pamoja na ukunje kidole gumba. Kinachogusa ni nyama ya ukingo wa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, wala si vidole. Mkono huohuo hutumika pia kujikinga.

3. Nukite. Hupigwa kwa ncha za vidole. Vidole huumia kwa urahisi, hivyo anayeanza asilijaribu kwenye kitu kigumu.

Nguvu hutoka wapi?
Si mkononi peke yake. Huanzia miguuni, nyonga hugeuka, bega hulegea, na mkono hukazwa mwishoni tu. Wakati huohuo mkono wa pili huvutwa hadi kiunoni.

Utaratibu wa kufundisha
Mwanafunzi aanze polepole hewani, kisha kwenye pedi laini. Baadaye afanye na mwenzake, mkono ukisimama kabla ya kumgusa. Macho na koo visilengwe kamwe kwa mchezo. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo: kijana anayeweza kuzuia kiganja chake kisifike usoni pa mwenzake ameanza kuutawala mkono wake. Funakoshi mwenyewe alifundisha kwamba mwanakarate si wa kuanza kupiga. Na anayeshambuliwa kweli hupiga ili apate nafasi ya kukimbia na kuita msaada, si ili ashinde ugomvi.

Maswali ya kujadili
1. Je, mwalimu wetu anajua huduma ya kwanza, na ni mtu mzima gani mwingine atakuwepo ukumbini?
2. Kijana akitumia mafunzo haya kumwonea mwenzake shuleni, tutachukua hatua gani?
3. Tumewapa wasichana nafasi sawa ya kujifunza?

Tuyajibu haya kabla ya kukabidhi ufunguo wa ukumbi.