Mtoto Njiti Akirudi Nyumbani: Joto la Kifua Ni Tiba

Mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37 ni mtoto njiti. Akiruhusiwa kutoka hospitali ya Bugando au Sekou Toure, jijini Mwanza, na kurudi mtaani Mkolani, tiba yake haijaisha, imehamia nyumbani. Kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, yaani kangaruu, ni tiba kamili. Ila inadai saa nyingi kuliko anazoweza kutoa mwanamke mmoja, ndiyo maana ni kazi ya kaya nzima.

Njia hii ilianzishwa na Dkt. Edgar Rey Sanabria huko Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipopungukiwa mashine za joto. Kwa sababu ya chimbuko hilo, wapo wanaoiona kuwa ni ya kujishikiza tu mpaka mashine ipatikane. Ushahidi unakataa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili. Waliosubiri hali itulie ndipo waanze kangaruu, asilimia 15.7 walifariki ndani ya siku 28. Walioanzishiwa mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12. Hawa wa pili walikaa kifuani takribani saa 17 kwa siku wakiwa wodini, na mama hakuachiwa peke yake: alikuwepo pia ndugu wa kumpokea. Mwaka 2022 Shirika hilo likashauri kangaruu ya saa 8 hadi 24 kwa siku kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo, hospitalini na nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza: Mwanza kuna joto, kifua cha nini? Njiti ana ngozi nyembamba na mafuta machache mwilini, hivyo hupoteza joto haraka hata mtu mzima anapotoka jasho. Alfajiri, upepo ukivuma, hatari huongezeka. Akipoa, nguvu ya kukua huishia kwenye kujipasha joto. Unapombeba kifuani, mvalishe nepi, kofia na soksi tu. Msimamishe katikati ya matiti, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha mfunge kwa khanga, makali ya juu yafike chini ya sikio. Anyonye au anyweshwe kwa kikombe maziwa yaliyokamuliwa, kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Mama anayeuza dagaa au mboga ana watoto wengine na moto wa kuwasha. Ni kweli, na sheria imeliona jambo hilo: marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea mama wa njiti aliyeajiriwa likizo ya wiki zilizobaki kutimiza wiki 40 za mimba. Asiye na mwajiri atapewa muda huo na nani, kama si kaya yake? Baba, bibi, shangazi, yeyote mzima wa afya aliyenawa mikono, kifua chake kina joto lilelile. Baba hana sababu ya kuona aibu.

Wengine husema njiti hatakuwa na akili, ya nini kuhangaika. Wapo wanaochelewa, na ndiyo maana kliniki na uchunguzi wa macho visikosekane, lakini wengi hukua vizuri. Mpaka afike miaka miwili, pima hatua zake kwa kutoa wiki alizowahi kuzaliwa: wa miezi sita aliyewahi miezi miwili mtarajie kama wa minne.

Akigoma kunyonya, akipoa au kuchemka, akipumua kwa shida, akishikwa na degedege au akigeuka manjano, mpelekeni kituo cha afya mara moja, akiwa kifuani njia nzima. Kaeni kikao kabla hajaruhusiwa, mpange zamu: nani wa usiku, nani wa kuchota maji, nani wa sokoni. Zamu ziendelee mpaka afike kilo 2.5, au aanze mwenyewe kujinyonganyonga na kuchomoa mikono kwenye khanga. Hapo kifua kitakuwa kimemaliza kazi yake.