Mgeni na Sinia la Unguja

Mji wa Unguja hupokea wageni kila siku, wengine kutoka bara, wengine kutoka nchi za mbali. Wengi hutazama nyumba za mawe na milango yenye nakshi, kisha hurudi kwao pasipo kujua wenyeji hula nini, wala hulaje. Hiyo ni hasara, maana vyakula vya Unguja vyaeleza habari za watu waliofika huko kwa vyombo. Bajia zina asili ya Bara Hindi, halua ililetwa na Waarabu, na muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno.

Mchana mgeni na aende soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, aone samaki, pweza na viungo. Karibu na hapo hapana budi atapata urojo, yaani mchuzi mzito wa manjano wenye ukali wa ndimu au embe bichi, ambao ndani yake hutiwa viazi, bajia na nyama. Jioni wauzaji huwasha taa katika bustani ya Forodhani, kando ya bahari, wakachoma mishkaki na kukamua miwa. Hapo mgeni aulize bei kabla ya kula. Akiuliza baada ya kushiba, atalipa atakavyotaka mwuzaji.

Lakini desturi hasa hujulikana nyumbani. Watu huketi juu ya mkeka, nao huzunguka sinia moja la wali. Kwanza huletwa maji, na mgeni hunawishwa mbele ya wote. Chakula huliwa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto hautiwi katika sinia kabisa. Kila mtu hula upande uliomkabili. Nyama huwekwa katikati, na hapo ndipo vijana wageni wakosapo: kijana mwenye njaa huona mnofu mzuri, akaunyoshea mkono juu ya wali wa wenzake. Hakuna atakayemkemea, kwa kuwa ni mgeni. Watu watanyamaza tu, na kunyamaza kule ni kukali kuliko kukemewa. Kama angalingoja kidogo, mwenye nyumba mwenyewe angalimkatia nyama na kumwekea mbele yake. Tena mwenye nyumba haachi kula kabla ya mgeni. Hata akiwa ameshiba hutwaa tonge ndogo ndogo, mgeni asije akaona haya akaondoka na njaa.

Baada ya chakula wanaume wengi huenda barazani kunywa kahawa. Mwuza kahawa hugonganisha vikombe vyake vidogo, watu wakamsikia toka mbali. Kahawa yenyewe ni chungu, haina sukari. Utamu wake hutafutwa katika kashata au halua.

Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika. Mchana mgeni asile wala asinywe njiani, hata ikiwa yeye si Mwislamu. Jua likichwa, njia hunyamaza, na watu hufuturu kwa tende, uji, na muhogo uliopikwa kwa nazi. Mpita njia saa hiyo huitwa, "Karibu!" Asiyeweza kuketi hujibu, "Starehe!" akaenda zake kwa heshima. Awezaye huvua viatu, akanawa mikono, na wale waliokwisha kuketi humsogelea wenzao ili apate nafasi mkekani.