MAKAO YA MWANAFUNZI UGENINI
Jinsi ya kutafuta chumba Ujerumani kwa muhula mmoja

Mzazi anapompeleka mwanawe kusoma ng'ambo, neno la kwanza aulizalo ni karo, na la pili ni nauli. Neno la makao huachwa nyuma, kwani wengi hudhani kwamba chuo kinachompokea mwanafunzi humpa na kitanda. Katika shule za bweni za Kenya ni kweli, Ujerumani sivyo. Huko kazi ya chuo kikuu ni kufundisha, na chumba ni shauri la mwanafunzi mwenyewe. Asiyelijua hilo mapema huweza kufika mwezi wa Oktoba, baridi imekwisha kuanza, naye hana pa kuweka sanduku lake.

Wakati wa Kuanza

Katika vyuo vikuu vya Ujerumani muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi. Muhula wa joto huanza 1 Aprili na kwisha 30 Septemba. Kabla ya Oktoba maelfu ya wanafunzi, wenyeji kwa wageni, hutafuta vyumba kwa wakati mmoja. Biashara asubuhi, jioni hesabu. Mara barua ya kukubaliwa chuoni inapofika, siku hiyo hiyo na iandikwe barua ya kuomba chumba.

Aina Tatu za Makao

Ya kwanza ni mabweni ya shirika liitwalo Studierendenwerk. Mashirika haya ni 57 nchi nzima, nayo si sehemu ya chuo, basi maombi yake hufanywa mbali. Mwanafunzi hupata chumba chake, na mara nyingi jiko hutumiwa na wengi. Kodi yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya mjini, na kwa sababu hiyo orodha ya wanaongoja ni ndefu. Yafaa pia kuiuliza ofisi ya chuo ishughulikiayo wanafunzi wa kigeni, kwa maana baadhi ya vyuo hutengewa vyumba kwa ajili ya wageni wa muhula mmoja.

Ya pili ni nyumba ya ushirika, ambayo Wajerumani huiita WG. Vijana wawili, watatu au zaidi hupanga nyumba moja, kila mtu na chumba chake. Wao wenyewe huchagua wa kuingia, na humhoji kwanza. Aliye mbali huhojiwa kwa simu ya picha. Barua ya kuomba isiseme tu, "Nataka chumba." Iseme mwombaji ni nani, anasoma nini, atakaa miezi mingapi, na kama amezoea kupika na kufagia kwa zamu. Watu hawa wanamtafuta jirani wa kuishi naye, si kodi peke yake.

Ya tatu humfaa sana mtu wa muhula mmoja. Mwanafunzi Mjerumani anayekwenda kusoma nchi nyingine hukodisha chumba chake, pamoja na kitanda na meza, mpaka atakaporudi. Desturi hii huitwa Zwischenmiete. Mwombaji na aulize kama mwenye nyumba ameridhia, kwani mpangaji hana ruhusa ya kumweka mtu mwingine pasipo idhini.

Hesabu ya Fedha

Katika matangazo ya vyumba kuna kodi mbili. Kaltmiete, yaani "kodi baridi," ni ya chumba kitupu. Warmmiete, "kodi moto," huongeza gharama za maji, taka na kwa kawaida moto wa kupasha nyumba joto. Umeme na intaneti huenda vikawa mbali. Ni lazima kuuliza. Tena kila nyumba hulipa ada ya redio na televisheni, ambayo tangu Agosti 2021 iliwekwa kuwa euro 18.36 kwa mwezi. Katika nyumba ya ushirika mmoja hulipa na wenzake humchangia.

Kisha kuna dhamana, ambayo mwenye nyumba huishika mpaka mpangaji atoke. Sheria hairuhusu izidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya mwezi kwa mwezi. Chukua mfano wa chumba chenye kodi baridi ya euro 300 na kodi moto ya euro 380. Dhamana haiwezi kupita euro 900. Mwenye kuilipa yote mara moja atahitaji euro 1,280 mwezi wa kwanza. Mwenye kuilipa kwa mafungu atahitaji euro 680. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwana asafiri, tofauti hiyo si ndogo.

Mji nao una bei yake. München hujulikana kwa kodi kubwa kupita miji mingine, na miji midogo mara nyingi ina nafuu.

Jihadhari na Walaghai

Kuna matapeli wanaowinda wageni. Tangazo lao huonyesha chumba kizuri kwa kodi ndogo mno. Mwenye nyumba, kwa maneno yake, yuko nchi nyingine na hawezi kukionyesha. Fedha zikitumwa, ufunguo utakuja kwa posta. Fedha hutumwa, ufunguo haufiki, na nyumba yenyewe si yake.

Kinga ni hii: fedha zisitumwe kabla ya chumba kuonekana na mapatano kutiwa sahihi. Aliye Kenya na amwombe mwanafunzi aliyeko mji huo aende akakione. Bweni linaweza kudai dhamana kabla ya kuwasili, lakini hilo ni shirika linalojulikana, na ofisi ya chuo inaweza kulithibitisha.

Baada ya Kufika

Aliyekosa chumba asivunjike moyo. Na akodi kitanda katika hosteli ya vijana kwa siku chache, akatafute akiwa papo hapo.

Siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba hukagua chumba pamoja na kuandika kila ufa na kila doa. Asiyeandika huweza kukatwa dhamana kwa ubovu aliokuta. Kisha, katika muda wa wiki mbili, mwanafunzi hujiandikisha katika ofisi ya mji, akichukua hati ya mwenye nyumba yenye kuthibitisha kwamba amehamia. Mwenye nyumba anayekataa kuitoa si wa kuaminiwa, kwa kuwa sheria inamlazimu, na pasipo kujiandikisha shauri la kibali cha kukaa huwa gumu.

Mwisho, desturi za nyumba zishikwe: kimya baada ya saa nne ya usiku, taka zitengwe kila aina na pipa lake, na zamu ya usafi isikosekane. Mpangaji mwema huacha sifa nyuma yake, na sifa hiyo ndiyo itakayomfungulia mlango mwenzake ajaye.