Kufundisha Kazi ya Mchoraji wa Kujitegemea katika Shule ya Msingi

Mwalimu aingiapo darasani na kitabu cha kusoma hutaja jina la mwandishi, na pengine la mchapishaji. Ni nadra kumsikia akimtaja aliyechora picha. Watoto nao, ambao hutazama picha kabla hawajasoma neno hata moja, hukua wakidhani kwamba picha huota kitabuni kama uyoga. Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha wanachuo namna ya kufundisha, katika darasa la tano au la sita, habari za maisha na kazi ya mchoraji asiyeajiriwa na mtu, aishiye kwa kupokea agizo hapa na agizo pale. Mifano yetu tumeitoa Mpanda, lakini mwalimu wa Inyonga au Karema hatakosa ya kwake.

Inafaa somo lianze na mtu wa karibu. John Kilaka, mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, alizaliwa Sumbawanga mwaka 1966. Mpanda na Sumbawanga zilikuwa katika Mkoa mmoja wa Rukwa hadi Katavi ilipotengwa mwaka 2012, kwa hiyo mtoto wa Mpanda anaweza kuambiwa, bila kutiwa chumvi, kwamba huyu ni jirani yake. Kilaka alishika mtindo wa rangi kali ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, na vitabu vyake vimechapishwa hata Ulaya. Katika kimojawapo sokwe ni mvuvi apelekaye samaki wake sokoni, na mbwa mlafi anamvizia. Wanyama wake huvaa nguo kama watu. Mwalimu na aulize: je, sokwe huyo angekuja soko la Mpanda angevaa nini, na angebebea samaki wake katika chombo gani? Majibu ya watoto yatakuwa mengi, nasi tumewahi kuona kipindi kizima kikiishia hapo bila hasara.

Baada ya hapo darasa lifuate kazi yenyewe tangu agizo lifikapo. Mchoraji hupewa maandishi, akayasoma zaidi ya mara moja, akatia alama mahali panapotaka picha. Huchora rasimu kwa penseli, akaipeleka kwa mhariri, na mhariri huirudisha na masahihisho: mama huyu ni mzee mno, nyumba hii si ya huku kwetu. Hapo ndipo wino hushikwa. Zamani bahasha ya picha ilisafiri kwa treni kutoka Mpanda kupitia Tabora, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,000 mpaka Dar es Salaam. Siku hizi rasimu hupigwa picha kwa simu ikafika mara moja, na masahihisho nayo hurudi mara moja, hata usiku. Kati ya agizo la kitabu na jingine mchoraji wa mji mdogo huandika mabango ya maduka na vinyozi, na kuchora ramani ya Tanzania kwenye kuta za madarasa. Watoto waelezwe kwamba kazi hizo si za kudharauliwa. Ndizo zinazonunua unga.

Jambo gumu kuliko yote kufundisha ni kutazama. Katika mazoezi ya ufundishaji tulimwona mwanachuo mmoja akichora kiboko ubaoni, na watoto arobaini wakainakili. Kiboko yule alikuwa na kwato za ng'ombe. Na hili lilitokea katika mkoa ambao, wakati wa kiangazi, viboko kwa mamia husongamana katika madimbwi ya mto Katuma, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi! Kiboko ana vidole vinne kila mguu. Macho, masikio na pua zake ziko juu ya kichwa, ndiyo maana huweza kuona na kupumua mwili wote ukiwa majini. Mchoraji asiyejua hayo huuliza, hutafuta picha, au huenda kwa mtu aliyewahi kumwona mnyama. Mwanachuo naye afanye hivyo kabla ya kushika chaki.

Somo la hesabu lisiachwe nyuma. Tuseme mchoraji ameagizwa picha 12 kwa shilingi 15,000 kila moja, jumla 180,000. Karatasi, wino na gharama za simu ni 30,000. Akifanya kazi siku 18, amepata kama shilingi 8,300 kwa siku. Mhariri akirudisha picha nne, nazo zikamchukua siku sita zaidi, pato la siku linashuka hadi 6,250. Sasa darasa lijadili: je, masahihisho yalipwe? Arubuni iwe kiasi gani? Na kama malipo yatatolewa kitabu kikiisha kuchapishwa, familia itakula nini hadi hapo?

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimwomba kijana mmoja wa mjini atuchoree chati ya sehemu za mmea. Aliileta baada ya siku nne, safi kabisa. Tulimpa nauli na soda, tukaitundika chati ukutani, na chini yake tukaandika jina la idara yetu. Alipokuja kuiona alisimama mbele yake kwa muda, akauliza kama kulikuwa na kazi nyingine, kisha akaaga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mchoraji haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na huilinda kazi hiyo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sisi tulikuwa tukiifundisha uraia wakati huo huo.

Kwa zoezi la mwisho, kila mtoto apewe agizo lililoandikwa: aya moja fupi, ukubwa wa picha, na siku ya kuikabidhi. Mwenzake awe mhariri, arudishe rasimu mara moja na kwa sababu iliyoandikwa. Picha zitakapobandikwa ukutani, jina la mchoraji liandikwe chini, kwa mwandiko wake mwenyewe.