Novena si Nenosiri



Mwaka niliokuwa namalizia falsafa, mama aliugua, nikaanza novena. Siku ya saba nikapitiwa na usingizi. Nikaamka saa nane usiku nina hofu kweli: nimeharibu! Nikaanza upya toka siku ya kwanza.

Wiki hiyohiyo darasani tulikuwa kwa Iamblichus, mwanafalsafa wa Syria aliyefariki yapata mwaka 325. Yeye alitetea teurjia, yaani ibada za kuiita miungu kwa mawe, mimea, manukato na majina yasiyoeleweka. Porphyry, mwanafunzi wa Plotinus, alikuwa amemwandikia barua kuhani wa Misri, Anebo, akiuliza maswali ya kukera: inakuwaje miungu ipokee amri za binadamu, tena kwa vitisho? Na majina yasiyo na maana yanasaidia nini? Iamblichus akajibu kwa jina la kujificha, Abamon, mwalimu wa Anebo.

Nilitegemea kukuta mganga, nikakuta mtu wa sala. Anasema miungu haivutwi chini. Maombi ndiyo yanamwinua mwombaji. Na kufikiri peke yake hakumuungi mtu na miungu, la sivyo wanafalsafa wangekuwa wameshafika! (Darasa lilicheka. Mimi kidogo tu.)

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Mji wa Mungu, anaikataa teurjia: malaika wema hawajitakii sadaka, wanataka tumwabudu Mungu mmoja, na mpatanishi wetu ni Kristo. Sawa, lakini nasi si tuna maji, mafuta na maneno maalumu? Kwa nje tunafanana, tusibishe. Ila nguvu ya sakramenti ni ya Kristo mwenyewe aliyeziweka (soma KKK 1128), haikufichwa ndani ya jiwe ili mjanja aivumbue. Halafu nikafika KKK 2111: kuitegemea sala kwa utimizaji wake wa nje tu, pasipo moyo, ni kuangukia ushirikina.

Ushirikina! Mimi, mseminari, rozari mfukoni. Hata yule mpagani angenisahihisha.

Jioni ile nilikuwa siku ya nne ya ile novena ya pili. Nikasali, sikuhesabu. Kisha nikampigia mama, kitu nilichokuwa sijafanya tangu Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Akauliza, "Umekula, mwanangu?"