Kutoka Kituo cha Kachibora hadi Kamusini

Neno halizaliwi kamusini. Hupokelewa humo likiwa limekwisha kukomaa. Tutazame mifano miwili.

Kwanza, bodaboda. Neno hili lilichipuka mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kati ya Kenya na Uganda; shina lake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo abiria wa Kachibora hupanda bodaboda bila kuuwazia mpaka wowote.

Pili, ukimwi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, mwaka ambao maradhi hayo yaliripotiwa mara ya kwanza. Baadaye, akronimu ya Upungufu wa Kinga Mwilini ilivua herufi kubwa, ikavaa upatanisho: ukimwi umeenea, ukimwi unazuilika.

Vigezo, basi, ni hitaji, uenezi na utiifu kwa sarufi. Anayedharau msamiati wa kituoni huidharau kamusi ya kesho.