Gemu Inaendeshwa kwa Sikio

Nimekulia Mazinde, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Bibi alitufundisha kuvuka kwa macho na masikio: basi likija, sauti ni nyembamba, likishapita, inakuwa nene. Chuoni ndipo nikajua sababu: mawimbi ya sauti hubanwa mbele ya gari, hutanuka nyuma yake. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, likikupita sauti hushuka kama asilimia 12. Gemu za mbio za magari hupiga hesabu hiyohiyo, tena huchanganya rekodi za injini kufuatana na kasi ya mizunguko yake. Kwa hiyo, jamani, msicheze mkiwa mmezima sauti: gari la nyuma husikika kabla halijaonekana. Na mkivuka barabara ya kweli, vueni hedifoni.